Dumu la Njano kwenye Kasri la Mawimbi

Jamani, mmekaa? Kaeni basi, maana habari hii ukiisikia umesimama utaanguka.

Kuna nchi moja, msiulize iko wapi, wenyewe wanaijua. Mji wake mkuu hauna unachokosa. Una taa za barabarani zinazowaka mchana. Una sanamu ya Rais akiwa mtoto na sanamu ya Rais akiwa mtu mzima, zinatazamana. Na mabomba ya maji yamo kila nyumba, yanang'aa hayo! Kilichopungua ni kitu kidogo tu, maji ya kupita ndani yake.

Msidhani hayatoki kabisa. Yanatoka. Kila baada ya wiki mbili, tatu, bomba linakohoa, linatema kutu, halafu linatiririka kama nusu saa. Sasa yule wa kwanza kusikia hicho kikohozi, awe nani awe nani, kazi yake ni moja, kupiga kelele: "Yametokaaa!" Hapo hakuna mkubwa wala mdogo. Kila mtu anaacha alichoshika, anabeba chombo, mbio. Bibi harusi anaachwa na hina mguu mmoja. Kuna jaji alikuwa anasoma hukumu, kafika penyewe kabisa, "Mahakama hii inakuhukumu ku—", mara, "Yametokaaa!" Jaji na joho lake huyoo, mshtakiwa nyuma yake na ndoo, maana naye ana familia. Waliporudi, jaji kasahau alikuwa anasema nini. Ikabidi amalizie, "...kwenda nyumbani."

Hakuna aliyeona aibu. Mtu akisikia "yametoka" akabaki amekaa, ndiye aliyetazamwa vibaya.

Serikali ikaliona hilo tatizo. Wakati huo Wizara ya Maji ilikuwa imeunganishwa na Wizara ya Burudani, kwa sababu zote mbili, walisema, zinashughulikia vitu ambavyo mwananchi anavitamani. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Fahari Mbiligenya, na udaktari alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo. Akasimama bungeni akasema, "Kilio cha maji tumekisikia. Serikali sikivu haijibu kilio kwa matone, ndugu zangu. Inajibu kwa mawimbi!"

Makofi. Likajengwa Kasri la Mawimbi.

We! Mwenzangu, lile jengo usipime. Viwanja vitatu vya mpira chini ya paa moja. Mitelezo saba ya kuteremka na maji, mmoja unaanzia ghorofa ya sita. Bwawa linalotengeneza mawimbi yake lenyewe. Bwawa lingine la maji ya moto, kwenye mji ambao ukiacha yai juu ya bati linaiva. Na sauna, chumba cha mbao zilizosafirishwa kutoka nchi za barafu, kina jiko la mawe ndani, ili watu waingie wakae watoke jasho. Watu wa mtaani wakauliza, kwani huku nje tunatoka nini? Wizara ikajibu kwamba jasho la nje ni la kienyeji, halina viwango.

Na tangu wameanza kuyajaza yale mabwawa, mtaa mmoja unaoitwa Kisimakavu ukakaa wiki tisa bila bomba kukohoa hata mara moja. Wakaenda wizarani kuuliza. Wakaambiwa bomba lao liko likizo ya mwaka.

*

Huko Kisimakavu ndiko alikokuwa anakaa Zawena.

Ila ofisini kwao hakuna aliyejua. Zawena alikuwa na digrii ya uhusiano wa umma na mwezi wa tatu kazini Idara ya Itifaki, bado yuko kwenye majaribio. Ofisini alisema anakaa Upepo Mwanana, kule kwa wakubwa, kwenye maua na mageti. Mama yake je? Mama yuko ng'ambo kwa matibabu. Mama mwenyewe, Bi Kidawa, hajawahi kuumwa hata jino. Alikuwa dobi. Aliwafulia watu nguo miaka ishirini na mbili, na digrii ya Zawena ilitoka kwenye beseni lile, shati kwa shati. Hilo Zawena alilijua vizuri, ndiyo maana alikuwa anashuka kwenye gari la ofisi getini kwa watu Upepo Mwanana, anajifanya anatafuta funguo kwenye mkoba mpaka gari lipotee, halafu anatembea kwa miguu dakika arobaini kwenda kwao. Kila jioni. Na kila jioni Bi Kidawa anamwambia, "Kazi ya serikali inachosha, mwanangu. Tazama ulivyo vumbi."

Wiki ya uzinduzi, bosi wake akamwita. Bwana Chikoti, Mkurugenzi wa Itifaki, alikuwa mtu wa kanuni. Hata kupiga chafya alikuwa anaomba kibali, na anajipa mwenyewe.

"Binti, uzinduzi huu ni sura ya taifa. Ukienda vizuri, barua yako ya ajira nasaini. Ukiharibika..." Akatazama dirishani. "Upepo Mwanana wana nafasi za wauza maua?"

"Sijui, bosi."

"Basi andika tangazo la redio. Fupi. Liwaguse wananchi."

Zawena akaandika, akaona amemaliza chuo kweli. *Wananchi wote mnakaribishwa Kasri la Mawimbi. Njooni mfaidi maji yenu.* Alichomaanisha ni waje wasimame nje ya uzio, watazame kwenye skrini kubwa jinsi viongozi wanavyofaidi. Lakini hilo hakuliandika, kwa sababu tangazo liliambiwa liwe fupi.

Asubuhi ya siku yenyewe, Bi Kidawa akatoka uani na kata moja ya maji. Moja. Ndiyo iliyokuwa imebaki nyumba nzima.

"Nawa uso na kwapa. Afisa hatakiwi kunuka."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nani ananinusa?" Akamwekea mbele viatu vyekundu vya kisigino kirefu, vya mtumba, amevipiga rangi mpaka vinaonyesha sura. "Vaa hivi. Mimi leo nitaoga baadaye, redio imetuita."

Zawena mswaki ukamkwama mdomoni. "Imewaita wapi?"

"Si huko kwenye kasri lenu! Wamesema tukafaidi maji yetu. Mtaa mzima tumeshapanga madumu."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Mama, tangazo nimeandika mimi, sikumaanisha hivyo. Mama, msije. Akafungua mdomo, povu likamtoka. Nje gari la watu likapita, akaangalia saa, akasema, "Nimechelewa," akaondoka.

*

Saa nne, mbele ya Kasri, zulia jekundu limetandikwa, bendi inapiga, wakubwa wanashuka kwenye magari. Kila mmoja kwanza anajaza Fomu ya Kulowa, nakala tatu, sehemu ya kwanza jina, sehemu ya pili kiungo kitakachoanza kulowa. Aliyetaka kulowa kichwa alihitaji saini ya katibu mkuu.

Na nje ya uzio, foleni.

Jamani, foleni ya Kisimakavu! Imenyooka kama uzi. Madumu ya njano, ndoo, masufuria ya pilau, mpaka beseni la kuogeshea mtoto mchanga. Hawapigi kelele, hawasukumani. Wamekuja kuitikia wito wa serikali yao.

Mlinzi wa getini, mmoja anaitwa Kapungu, akachanganyikiwa. Akamwita Zawena kwa redio ya mkononi, na Zawena akaja akiwa ameongozana na Bwana Chikoti na mke wa Waziri, Mama Mbiligenya, kofia yake pana kama mwavuli wa sokoni.

"Afisa," Kapungu akasema, "huyu mama hapa mbele anasema wewe ni mwanawe."

Bi Kidawa alikuwa amesimama pale na dumu lake la njano, lile lililofungwa kamba kwenye mshikio. Khanga imepauka. Mikono yake myeupe kwa sabuni, vidole vimejikunja kama bado vimeshika nguo. Alikuwa anatabasamu. Akanyoosha mkono kupitia kwenye nondo za geti.

Bwana Chikoti akamtazama yule mama. Akamtazama Zawena. "Mama yako si yuko ng'ambo?"

"Ndiyo, bosi."

"Sasa huyu?"

Zawena akatazama dumu. Hakuthubutu kutazama juu ya dumu.

"Simfahamu," akasema.

Mnajua kukaa kimya kwa mtu anayefikiria? Bi Kidawa alikaa hivyo kidogo tu. Halafu akarudisha mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye khanga kana kwamba ulikuwa na uchafu, akamwambia mlinzi:

"Samahani, baba. Nimemfananisha. Wangu mfupi kidogo."

Nyuma yake foleni nzima ikasikia. Watu waliomwona Zawena anatambaa, waliomnyoa kipara cha arobaini yake, wakatazama chini kwenye ndoo zao.  

"Wananchi hawa wana macho mabovu," Mama Mbiligenya akasema. "Inabidi wizara nyingine iangalie."

*

Uzinduzi ukaanzia sauna.

Itifaki ya nchi ile ina vifungu mia mbili. Kifungu cha kumi na nne: hakuna atakayevua koti kabla ya mgeni rasmi. Kifungu cha kumi na tano: mgeni rasmi havui koti mbele za watu. Kwa hiyo wakubwa kumi na wawili wakaingia ndani ya kile chumba cha mbao na suti zao, tai zao, na soksi za sufu, wakakaa kwenye mabenchi ya mbao kama mikate kwenye tanuri. Mlango ukafungwa. Mheshimiwa Mbiligenya akafungua hotuba yake. Kurasa arobaini na moja.

Ukurasa wa tatu, Naibu Waziri akaanza kuteleza kwenye ubao taratibu, kama siagi. Bwana Chikoti akamvuta kola, akamkalisha upya.

Ukurasa wa tano, wino ukaanza kuyeyuka. Mheshimiwa akasogeza karatasi karibu na miwani, miwani ikaingia ukungu. "Na kwa hiyo, ndugu zangu, taifa letu li... limelowa," akasema. Makofi. Yale makofi yalikuwa yanarusha matone.

"Mnajisikiaje humu?" akauliza.

"Baridi kidogo, Mheshimiwa!" wakajibu wote kwa pamoja.

"Basi ongezeni."

Kazi ya kuongeza ilikuwa ya Zawena. Palikuwa na ndoo ya mbao na kata ya mbao, unachota maji unamwagia mawe. Akachota. Akashika ile kata ikajaa mpaka ukingoni, akaitazama. Ilikuwa saizi ileile. Kata ileile ya asubuhi, nawa uso na kwapa. Akamwaga. *Tsssss!* Maji yakageuka moshi, yakaenda zake darini.

"Ongeza!"

Akachota nyingine. *Tsssss!* Asubuhi nyingine hiyo. Na nyingine. Alimwaga asubuhi kumi na nne za mama yake kabla Mheshimiwa hajafika ukurasa wa ishirini, ambao wote ulikuwa umebaki bluu tupu. Jasho lilikuwa linamtoka na machozi yalikuwa yanamtoka. Ndani ya sauna nani atajua kipi ni kipi? Bwana Chikoti akamnong'oneza, "Safi sana, binti. Unalia kwa uzalendo."

*

Walipotolewa, wengine wakitembea, wengine wakibebwa kwa heshima, wakapangwa kwenye ukingo wa bwawa kubwa la mawimbi. Zawena akapewa kipaza sauti awe mshereheshaji. Spika zilikuwa kila kona, ndani na nje mpaka kule kwenye uzio.

"Sasa Mheshimiwa mgeni rasmi atabonyeza kitufe," akasema kwa sauti yake ya chuo, ile aliyojifunza kwenye kioo.

Mheshimiwa akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

Halafu juu kabisa, ghorofa ya sita, kwenye mdomo wa mtelezo mkubwa, kitu kikakohoa.

Koh. Kohoo. Kikatema kutu.

Zawena alikuwa na digrii. Alikuwa na suti, alikuwa na viatu vyekundu, alikuwa na mama ng'ambo. Lakini sikio lake lilizaliwa Kisimakavu, na lile sikio halikumuuliza. Mdomo ukafunguka wenyewe, mbele ya kipaza sauti, kwa ile sauti ya uani ambayo alikuwa hajaitumia mbele za watu tangu aanze chuo:

"YAMETOKAAAAA!"

Spika zote zikaitikia.

Akaganda. Akajua ndio mwisho. Barua ya ajira kwaheri, Upepo Mwanana kwaheri, sasa wote wamejua ametoka wapi. Akafumba macho asubiri kucheka kwao.

Hawakucheka. Akafumbua macho. Mheshimiwa Dakta Fahari Mbiligenya, Waziri wa Maji na Burudani, alikuwa ameshayamwaga maua kutoka kwenye chombo cha fedha, yumo bwawani mpaka kiunoni, anachota! Mama Mbiligenya kavua ile kofia, kumbe ndani ina nailoni, anaijaza. Naibu Waziri, yule aliyebebwa, amefufuka, amechukua ngoma ya bendi. Na Bwana Chikoti huyoo anakimbilia kwenye gari lake la serikali, anafungua buti, anatoa madumu mawili. Ya njano. Yamefungwa kamba kwenye mshikio.

"Bosi!" Zawena akasema. "Na wewe?"

"Upepo Mwanana hakuna maji mwaka wa tatu sasa, hujui?" Bwana Chikoti akahema, halafu akamkazia macho. "Kwani wewe kule unakaa nyumba namba ngapi?"

Hakungoja jibu. Maana hapo geti lilikuwa limeshaangukia ndani na Kisimakavu wanaingia. Na wao ndio walioleta ustaarabu, jamani, maana wakubwa walikuwa wameanza kuvutana mashati. Mbele yao Bi Kidawa, dumu begani, mkono juu.

"Foleni! Foleni! Wazazi wenye watoto mbele. Wewe baba mwenye chombo cha maua, toka humo na viatu, unachafua maji ya watu. Rudi nyuma, huyu dada alikutangulia."

"Lakini mama, mimi ni—"

"Kwani nimekuuliza wewe ni nani? Nimekuuliza namba yako kwenye foleni."

"Shikamoo, mama," akasema Waziri, akarudi nyuma.

Kwa dakika hamsini bwawa likakauka. Watu wakabaki wanatazama vigae vya bluu, na katikati ya vigae, bomba nene la chuma, na juu ya chuma herufi zilizochorwa kwa rangi nyeupe na fundi asiyejua mambo ya siri: BOMBA KUU, KISIMAKAVU.

Mheshimiwa akasafisha koo. "Hili," akasema, "ndilo lile lililokuwa likizo."

Bi Kidawa akafunga kifuniko cha dumu lake, akakikaza. "Kumbe hatukuchota vya watu," akasema. "Tumechukua vyetu." Akajitwika, akaondoka. Alipita hatua tatu kutoka alipokuwa Zawena. Hakumtazama, na haikuwa hasira. Alikuwa anamtunzia uongo wake mpaka mwisho.

Zawena akataka kumwita. Alikuwa bado ana kipaza sauti mkononi, sauti ingetoka kila kona. Na hakuita.

*

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba uzinduzi umefana, wananchi wamefaidi maji yao kwa asilimia mia moja. Mheshimiwa akapandishwa cheo. Barua ya Zawena ilisainiwa alasiri ileile ya uzinduzi, imeandikwa kwamba *alihamasisha umma kwa sauti yake halisi.*

Nayo ikiwa kwenye mkoba, alifika nyumbani peku. Vile viatu vyekundu kimoja kilizama, kingine kilikanyagwa na brigedia mzima. Safari hii hakushukia Upepo Mwanana, alishuka na gari la ofisi mpaka mlangoni kwao, dereva akashangaa. Lakini watu waliokuwa nje wakampisha njia, na hakuna aliyemwita jina.

Bi Kidawa alikuwa uani anafua. Alikuwa bado hajaoga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndoo iko bafuni nimekutilia, imejaa. Kaoge, umetoka jasho sana leo."

"Mama, pale getini—"

"Sabuni iko dirishani."

Akaingia. Bafu la mabati, nusu ukuta. Akavua ile suti, akachota kata ya kwanza, akajipaka sabuni kichwa mpaka kidole. Hapo akasikia sauti ya jirani, Mama Tabu, juu ya ukuta.

"Kidawa! Eti yule afisa wa kwenye spika si ndiye Zawena wako? Watu wanabishana huku. Wengine wanasema umesema mwenyewe umemfananisha."

Kule uani beseni likanyamaza. Likakaa kimya kama vile pale getini. 

"Ndiye mwenyewe," Bi Kidawa akasema, na nguo ikaanza tena kusuguliwa. "Vilikuwa ni vile viatu tu, vilimrefusha."

Maji yalikuwepo, ndoo nzima, ya kumtosha. Zawena alisimama na kata mkononi mpaka sabuni ikamkaukia mwilini.